Supu ya Mwani kwa Pyo Serin

Jumatatu, 4 Novemba

Leo Mama katoa hukumu. Mbele ya Babu, mbele ya sahani ya achari ya kimchi, bila huruma. Kasema huu ni mwaka wa tatu naomba nafasi ya shahada ya uzamili ya tiba ya usemi, na mara mbili nimeanguka puu. Nikianguka tena, nafunga mizigo naenda Cheonan kwa mjomba, kwenye mgahawa wake wa miguu ya nguruwe. Kazi yangu itakuwa kunyoa hiyo miguu kabla haijaingia chunguni. Mimi, Tak Manho, mwenye shahada ya biashara! Nimnyoe nguruwe!

Nikamwuliza Mama, je, nikienda Cheonan nani atakaa na Babu? Kasema atatafutwa mtu wa kulipwa. Babu akasema, "Kabichi."

Tangu kiharusi kimpige, neno lililobaki kinywani mwake ni hilo. Maisha yake yote aliuza kabichi sokoni hapa Daegu. Kiharusi kikabeba maneno yote, kikamwachia bidhaa. Mama husikia kabichi tu. Mimi nasikia anachosema. Kabichi ya haraka ni badilisha chaneli. Kabichi ya kuvuta ni nipeleke msalani. Ya leo ilikuwa fupi, huku anatazama mlango: sitaki mtu wa kulipwa. Nikamwambia Babu, tulia, nina mpango.

Sina mpango bado. Ila akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi nywele zangu bado nyingi.

Kibaya zaidi, Pyo Serin naye anaomba chuo kilekile. Ni binti wa dobi wa chini ya jengo letu, na mama yake ni rafiki wa Mama wa kwenda naye bafu la umma. Kila mama nchi hii ana rafiki mwenye mtoto asiye na kasoro, na mtoto huyo hutajwa wakati wa kula. Wa kwangu ni Serin. Serin kapata alama za juu. Serin kamnunulia mama yake koti. Serin anajitolea kila Ijumaa kwenye kituo anakotibiwa Babu. Nafasi ni kumi na mbili tu. Basi moja imeshaliwa.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeandika maelezo yangu binafsi ya kupeleka chuoni. Nimeanza hivi: "Nilizaliwa katika familia yenye baba mkali na mama mpole." Kila mwombaji nchi hii huanza hivyo. Hakuna aliyewahi kukamatwa kwa kuanza hivyo. (Ukweli: Baba ni dereva wa lori, mpole hadi mbwa wanamdharau. Mkali ni Mama.)

Halafu nikaandika kwamba tiba ya usemi ni ndoto yangu tangu utotoni. Utotoni nilitaka kuwa rubani, kisha mwenye duka la kuku wa kukaanga. Hayo nimeyaruka.

Babu alikuwa karibu wakati naandika. Kwa kuwa chakula cha majimaji humpalia, nilikuwa nasimamisha kalamu kila mara, namweka wima, nakoroga unga wa kuifanya nzito supu yake, nasubiri koo lipande na kushuka ndipo nampa kijiko kingine. Imenila saa nzima ya kazi! Waombaji wenzangu hawana usumbufu huu. Mama akaniuliza mbona sijamwandika Babu. Nikamwambia, Mama, hawa ni maprofesa, watajali nini habari za mzee na kabichi yake? Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda kuosha vyombo.

Jumamosi, 9 Novemba

Barua ya mapendekezo. Balaa!

Profesa wangu wa zamani wa biashara hanikumbuki. Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye niliyesinzia mstari wa mbele. Hapo akanikumbuka. Sauti yake ikabadilika.

Nikaona nimlainishe. Nikampelekea kasha la matufaha mazuri, yamefungwa kwa kitambaa cha waridi. Ala! Kalirudisha siku hiyohiyo kwa pikipiki, na ujumbe kwamba je, nataka kumfungisha jela? Nilisahau kuwa siku hizi ukimpa mwalimu hata kikombe cha kahawa ni kesi. Barua kaandika, lakini ina sentensi moja yenye sifa: "Tak Manho ni mtu mwenye mipango."

Nimeisoma mara nyingi. Naiona nzuri.

Matufaha tunakula sisi. Ya Babu nampondea. Kasema kabichi kwa furaha.

Jumatatu, 11 Novemba

Mama karudi kutoka bafuni, mashavu mekundu, kichwani taulo, mdomoni habari. Kumbe Ijumaa hii ni siku ya kuzaliwa ya Serin. Na usaili wetu wa chuo ni Jumamosi! Mama yake Serin kaapa kwamba Ijumaa hakuna supu ya mwani nyumbani kwake, siku ya kuzaliwa au si ya kuzaliwa. Atampikia Jumapili.

Kila mtoto hapa anajua. Siku ya kuzaliwa lazima unywe supu ya mwani, usipokunywa ni kama hukuzaliwa. Lakini kabla ya mtihani, thubutu! Mwani unateleza, na anayeula anateleza nao. Mwaka niliofanya mtihani wa taifa, Mama hakuthubutu hata kununua mwani. Ganda la ndizi pia lilipigwa marufuku.

Basi nikakaa nikawaza. Serin ana alama. Serin ana sura ya kuaminika. Serin hana kasoro. Kitu pekee kinachoweza kumwangusha ni mwani.

Nitampikia mwenyewe. Zawadi ya siku ya kuzaliwa! Nani atanishuku? Atakataa, najua, atasema asante Kaka Manho lakini kesho nina usaili. Hapo ndipo akili yangu ilipong'aa. Akipewa na mimi atakataa. Akipewa na mzee, hawezi! Mzee akikunyooshea bakuli, unalipokea kwa mikono miwili na unakunywa, hata kama ndani mna misumari. Kwa hiyo bakuli atalitoa Babu.

Nimemweleza Babu mpango wote. Kanyamaza. Nimechukulia kwamba kakubali.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo ni mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu. Nchi nzima imenyamaza. Hata ndege zimezuiwa kutua wakati wa mtihani wa kusikiliza. Wamama wako hekaluni na makanisani wanasali. Mimi niko jikoni naloweka mwani.

Sikujua kwamba mwani mkavu ukilowekwa hufura. Nililoweka pakiti nzima. Sasa umejaa sufuria, umejaa beseni, umejaa ndoo ya kudekia (niliiosha kwanza). Mama karudi akauliza nani kajifungua, maana hapa mwanamke aliyejifungua ndiye hunyweshwa supu hii kila siku. Nikamwambia nampikia mtu siku yake ya kuzaliwa, basi tu, moyo umenituma. Kaguna. Kasema moyo wangu haujawahi kumtuma mtu bure.

Jioni nikapita dukani kununua peremende za kunata. Hizo ndizo kinga: ukila unanata, huanguki. Kwa kuwa mtihani umeisha, wanaziuza kwa bei ya kutupa. Nimechukua mifuko yote iliyobaki. Watu wanakimbilia peremende kabla ya mtihani, mimi nanunua baada. Hiyo ndiyo shahada ya biashara!

Ijumaa, 15 Novemba

Siku mbaya. Nieleze taratibu.

Nilifika kituoni na Babu kwenye kiti chake cha magurudumu, na chupa kubwa ya supu. Serin alikuwepo, kavaa aproni ya wanaojitolea, anapanga picha za mazoezi mezani. Nikamtakia heri ya kuzaliwa kwa sauti nene ya kaka mwema. Akashangaa, akainama, akaniambia Kaka Manho, umejuaje? Nikamimina bakuli, nikaweka mikononi mwa Babu, nikamwelekeza kwa Serin. Nikamnong'oneza Babu: sasa!

Babu akalitazama bakuli. Akamtazama Serin. Akanitazama mimi. Akasema, "Kabichi," ile ya polepole yenye ncha, ambayo huitumia nikificha rimoti. Akageuza mkono wake mzima, akaninyooshea bakuli mimi!

Chumba kizima kinatazama. Wauguzi wanatazama. Mzee mwingine mwenye mguu wa bandia anatazama. Nikajaribu kucheka. Babu hakushusha mkono, supu ikimmwagikia magotini. Ningefanyaje? Nimelipokea kwa mikono miwili. Nimekunywa. Supu ya mwani, siku moja kabla ya usaili! Kila kijiko kilipita kooni kikiteleza, nikahisi na nafasi yangu inateleza nayo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga. Mimi nimekichimba, nimekipikia na nyama ya ng'ombe juu.

Na Serin? Kasema harufu inamtia hamu, kaomba bakuli. Kwa hiari yake! Nikamkumbusha habari ya usaili (sijui kwa nini nilimkumbusha, mdomo wangu haunisikii). Akacheka, akasema hayo mambo ya kuteleza ni ya wamama. Kanywa mabakuli mawili. Kasema tangu asubuhi alikuwa na huzuni kidogo, siku ya kuzaliwa bila supu, na hakutegemea kwamba atakayemkumbuka ni mimi. Macho yalikuwa na maji. Nikatazama pembeni.

Babu naye akataka. Nikamkorogea unga, nikamnywesha taratibu. Akawa anasema kabichi zake, mimi namjibu: ndiyo Babu, chumvi imezidi; hapana Babu, huyo ni binti wa dobi, si muuguzi; sawa, kesho nitakunyoa ndevu. Serin akaacha picha zake, akawa anatutazama tu. Akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia hakuna, unamtazama koo, unamsubiri amalize, kuna nini cha kufundishwa?

Nina hakika alikuwa ananipeleleza.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimeamka alfajiri kutengua mwani. Dawa ni kunata. Nikala peremende moja. Nikaona haitoshi kwa bakuli zima. Nikala mfuko. Mfuko wa pili, nimeuma, nimevuta, na jino la mbele limetoka na peremende! Lile la bandia nililowekewa jeshini. Nikajaribu kulichomoa kwenye peremende. Wapi! Limenata barabara. Angalau peremende ni za kweli.

Basi nikaenda kufanyiwa usaili wa tiba ya usemi bila jino la mbele. Kila nikitamka s au z, mluzi unatoka. Kwenye lifti niliomba samahani, mbwa wa jirani akaja.

Tuliingizwa wawiliwawili. Mimi na nani? Na Pyo Serin, bila shaka. Mbele yetu maprofesa watatu, katikati Profesa Eom, mama mwenye miwani ambaye hacheki.

Akamwuliza Serin kwa nini anataka kazi hii. Nikajiandaa kusikia baba mkali na mama mpole. Hapana! Kasema kituoni kwake kuna mzee mwenye neno moja tu. Kasema yeye alisoma vitabu vyote kuhusu wagonjwa wa aina ile, akamletea picha na kadi, mzee akawa anageuza uso. Halafu akamwona mjukuu wake. Mjukuu hamkatizi, hammalizii maneno, hamwonei aibu mbele ya watu. Anamsubiri. Na mzee akisema neno lake, mjukuu anamjibu kana kwamba kasikia hotuba. Serin kasema anataka kujifunza kusikiliza namna ile, ndiyo maana kaja.

Profesa mmoja akavua miwani akaifuta. Mimi nikawaza, huyo mjukuu ni nani, mbona hodari hivyo, na mzee wake anafanana sana na... Ebo! Babu yangu! Kamwiba Babu! Kamtumia kwenye usaili bila kuomba ruhusa! Damu ikanichemka. Mtu unampikia supu kwa moyo safi, anakuibia mgonjwa!

Zamu yangu ikafika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Nikakariri: nilizaliwa katika familia yenye baba mkali. Mluzi. Mama mpole. Nikaendelea. Kwenye "tiba ya usemi" mluzi ulitoka mrefu hadi mtu wa nje akafungua mlango kuangalia. Maprofesa wote watatu wakasogea mbele. Nikajua nimewashika! Profesa Eom akaniomba nirudie neno moja, kisha lingine, kisha nihesabu. Wakawa wanaandika kwa kasi. Akaniuliza kwa upole kabisa kama hali hii ninayo tangu utotoni.

Maelezo yangu yanasema kila kitu ni tangu utotoni. Nikasema ndiyo.

Akauliza kama nimewahi kutibiwa. Nikasema nilijitibu mwenyewe. Serin alipatwa na kikohozi, akaomba maji, akainamia glasi muda mrefu mabega yakimtikisika. Naamini ni mwani umeanza kazi.

Jumapili, 17 Novemba

Mama kasikia yote kupitia bafuni. Siri ikifika bafuni, mji mzima umeoga nayo. Hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitisha. Katoa begi kubwa juu ya kabati, kalipangusa vumbi, kaliweka karibu na mlango.

Babu akalitazama begi. Hakusema kabichi yoyote siku nzima. Nikambadilishia chaneli, kimya. Nikampondea tufaha, kimya. Nimezoea neno moja. Sikujua kwamba bila hilo moja nyumba inakuwa tupu hivi.

Usiku nimelia kidogo. Ni jino.

Ijumaa, 29 Novemba

Matokeo!

Serin: kapita. Tak Manho: akiba, namba moja. Yaani mtu mmoja tu akijitoa, naingia. Nikaruka. Mama akaniambia nitue, akiba si kupita, na nani mwenye akili atajitoa? Mjomba keshanitumia aproni kwa posta. Imechorwa nguruwe anayecheka.

Mtu wa kulipwa kaja kuangaliwa. Mama mmoja mchangamfu, kamsalimia Babu kwa kupiga kelele kana kwamba ni kiziwi, kisha kila Babu akifungua mdomo yeye anamalizia: "Maji? Choo? Usingizi?" Babu alitaka kuuliza kama mgeni ameshakula. Nilisikia vizuri kabisa. Alipoondoka, Babu akaushika mkono wa shati langu na hakuuachia hadi alipolala. Nimekaa hapo na mkono mmoja, nimeandika haya kwa mwingine.

Naogopa, shajara. Si nguruwe ninaowaogopa.

Jumatatu, 2 Desemba

Simu! Serin!

Kasema kapata pia chuo cha Busan, chenye hospitali kubwa, na leo asubuhi kajitoa hapa. Ofisi ya chuo itanipigia muda wowote. Kasema nijiandae, Kaka Manho, umeingia!

Nilitaka kusema asante, mluzi ukatoka. Akacheka sana. Kisha akasema kuna jambo lazima nilijue. Siku ya usaili, Profesa Eom alimfuata kwenye korido akamwuliza yule mjukuu ni nani na anapatikana wapi, mtu wa namna ile wangempokea hata leo. Serin akamwambia, "Ndiye yule aliyekuwa amekaa pembeni yangu." Profesa akajishikilia ukutani. Kumbe kabla ya hapo walikuwa wameshanikata jina, ndipo wakalirudisha kwenye akiba. Serin akaniuliza, sasa Kaka, mbona hukuwaambia mwenyewe?

Nikamwuliza, niwaambie nini?

Akavuta pumzi. Akasema supu ile ilikuwa tamu, hataisahau. Nikasikia kitu kikinichoma kifuani. Nadhani ni gesi.

Ofisi wakapiga kweli. Mama kalia, kacheka, karudisha begi juu ya kabati. Aproni ya mjomba kaifanya tambara la kudekia.

Nimekaa nikapiga hesabu ya mambo yote kwa makini, kama msomi mtarajiwa. Serin alikunywa mabakuli mawili ya mwani. Serin kateleza. Kateleza kutoka Daegu hadi Busan! Mimi nilikunywa bakuli moja nikala peremende mifuko miwili. Nikateleza kidogo, nikanata kwenye akiba. Ni sayansi tupu! Mpango ulifanya kazi tangu mwanzo, mimi ndiye nilikosa imani.

Nikamweleza Babu wakati nampa uji wake. Nikamwambia masomo yanaanza Machi, darasa lina wenzangu kumi na mmoja, na mtihani wa kwanza ni Aprili. Kwa hiyo usiku wa kuamkia mtihani nitawaalika wote hapa nyumbani, niwapikie sufuria kubwa ya supu ya mwani, na yeye Babu atakuwa anagawa mabakuli. Safari hii tutafanya mazoezi kwanza.

Babu akasukuma kijiko pembeni. Akanitazama. Midomo ikaanza kuhangaika, si kama siku zote. Nikasubiri. Sikumsaidia, sikummalizia. Jasho likamtoka kwenye paji. Kisha akasema, taratibu, silabi kwa silabi, safi kabisa:

"Mjinga."

Neno jipya! Baada ya miaka mitatu ya kabichi! Nimepiga kelele hadi jirani kagonga ukuta. Mama kaja mbio na mikono ya sabuni, Babu akarudia, "Mjinga," wazi kuliko mwanzo, Mama akamkumbatia, tukalia wote watatu. Nimempigia Baba barabarani, naye kalia.

Baadaye Mama akauliza, hivi alikuwa anamwambia nani? Hilo hata mimi limenishinda. Chumbani tulikuwa wawili tu. Itakuwa ni yule mtangazaji wa televisheni, Babu hajawahi kumpenda.

Ingawa televisheni ilikuwa imezimwa.